Kutoka Ubaruku Hadi Rufaa

Kabla ya usiku ule, safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa ya Makambako, tulipokwenda kumzika shangazi. Mbeya mjini nilikuwa naisikia kwa madalali tu. Ninafanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga hapa Ubaruku, na kazi yangu ni mizani: gunia linapandishwa, nasoma kilo, naandika kwenye daftari, linashushwa. Madalali wakisubiri zamu yao hupiga soga, na kwa soga hizo nilijua kwamba Mbeya kuna baridi ya kuuma mifupa, kuna soko la Mwanjelwa lisilomalizika kwa siku moja, na kuna mlima ulioinamia mji kama mama anayechungulia chungu jikoni. Katika soga zote hizo hakuna aliyewahi kuniambia kwamba huko huko Mbeya kuna mahali unaweza kumfikisha mtu ambaye akili imemtoka, naye akapokelewa pale pale anapopokelewa aliyevunjika mguu. Nimekuja kulijua hilo kwa kuchelewa siku 19.

Mdogo wangu ana miaka 22. Mwezi wa nne, mpunga ulipoanza kuinamisha vichwa, alihamia shambani kama vijana wengi wa kwetu. Mchana alikuwa anaamia ndege. Asiyeijua Usangu hawezi kuielewa kazi hiyo. Kwelea kwelea wanakuja kama wingu, wanatua jaruba zima, na ukichelewa kidogo umebaki na mabua. Kijana anasimama kwenye kichanja tangu alfajiri mpaka jua linazama, anapiga debe, anarusha udongo kwa teo, anapiga mayowe hadi sauti inakauka. Usiku alikuwa na zamu ya maji, na zamu ya maji hailaliwi. Ukisinzia kidogo mlangoni pa mfereji, mwenye shamba la juu yako anayageuza. Basi mchana ndege, usiku maji, na usingizi hakuna.

Wiki ya tatu akaanza kuwajibu ndege. Tulidhani ni uchovu. Kisha akarudi nyumbani, akawa hagusi chakula cha mama kwa kuwa kimewekwa kitu, akaziba matundu ya ukuta kwa matambara kwa sababu ndege walikuwa wanapita nje wakimtaja jina. Mama akasema, "Huyu amechezewa." Mimi sikupinga. Naliandika hili waziwazi kwa ajili ya dada zangu walioko mahali nilipokuwa mimi: unampenda mtu, unamwona anaondoka mbele ya macho yako, na njia pekee unayoijua ni ile waliyoipita bibi zako. Tulikwenda kwa mganga mara mbili. Magunia mawili ya mpunga yakaondoka. Mjomba akapiga komeo kwenye mlango wa chumba chake, upande wa nje, kwa skrubu nne. Majirani tukawaambia ana malaria.

Usiku wa siku ya 19 alitorokea dirishani. Tulimkuta kwenye mfereji mkuu, amekaa ukingoni, miguu iko ndani ya maji. Hakupiga kelele wala hakukimbia. Alisema, kwa sauti yake ya siku zote, kwamba amechoka na anataka kupumzika moja kwa moja. Utulivu ule ulinitisha kuliko ukelele wowote. Mjomba na vijana wawili wakamshika. Kamba niliileta mimi, ya katani, tunayofungia magunia. Na fundo nililipiga mimi.

Sasa tumpeleke wapi? Ukishikwa na tumbo usiku, kila mtu hapa Ubaruku atakuambia pa kwenda. Mke wa jirani alipotokwa na damu akiwa mjamzito, tulipiga 115, namba ya m-mama, na gari likaja. Nikapiga hiyo hiyo. Dada aliyepokea alinieleza kwa upole kwamba huduma ile ni ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Namba 199 ya Wizara ya Afya, ambayo hupigwa bure, nilikuja kuijua baadaye. Usiku ule kichwani mwangu haikuwemo. Mahali pa kwanza tulipobisha mlango, mlinzi alimmulika mdogo wangu tochi usoni, akaiona kamba, akasema wagonjwa wa namna hiyo hapo hawapokelewi, tumpeleke polisi.

Mjomba aliposikia neno polisi akataka turudi nyumbani. Nilimkasirikia, lakini hofu yake ilikuwa na msingi. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na hata wasiojua namba ya kifungu wanaijua hofu yake. Wenzetu wa Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, na Januari 2025 Mahakama Kuu yao ikasema kinakwenda kinyume cha Katiba. Natamani na sisi tufike huko. Mtu aliyekutwa ukingoni mwa mfereji saa saba za usiku anataka blanketi na daktari, na nduguze wasipoteze hata dakika moja kubishana habari za mahabusu. Sisi tulipoteza zaidi ya nusu saa, naye amelazwa kiti cha nyuma cha Noah ya jirani, amefungwa mikono.

Mwenye gari ndiye aliyekata shauri. "Rujewa si mbali," alisema. "Wakitufukuza na huko, tutajua la kufanya." Akawasha gari.

Hospitali ya Wilaya ya Mbarali nilikuwa nimepita nje yake mara nyingi nikienda sokoni. Kuingia ndani usiku, na mgonjwa wa namna hii, ilikuwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa hata kupiga magoti. Akatoka nesi mmoja, mama mtu mzima, akaja mpaka kwenye gari, akachuchumaa macho yake yakawa sawa na ya mdogo wangu, akasema, "Hujambo, mwanangu? Mimi ni nesi. Hapa ni hospitali. Hakuna atakayekupiga."

Mdogo wangu, ambaye tangu jioni hakuwa amemjibu mtu yeyote zaidi ya ndege wake, akasema, "Shikamoo."

Nesi akaitikia marahaba, kisha akajaribu kufungua kamba. Fundo likamshinda. Ni fundo la gunia. Kamba hupitishwa mara mbili, na kila ukivuta linajikaza, mpaka ujue ni ncha ipi ya kurudisha. Akauliza nani amelifunga. Nikasema ni mimi. "Basi lifungue wewe, ndiye unayelijua." Nikapiga magoti sakafuni, nikalifungua. Kila siku nafungua mafundo kama lile bila kuyatazama, lakini usiku ule nililikosea mara tatu. Lilipoachia, niliona ngozi ya mikono yake imechubuka na nyuzi za katani zimegandia kwenye mchubuko. Nesi akaleta maji ya vuguvugu na pamba, akazitoa uzi mmoja mmoja, huku akimwambia kabla ya kila anachofanya: sasa nakushika mkono wa kulia, sasa nasafisha, patauma kidogo.

Daktari wa zamu alikuwa kijana, karibu rika la mdogo wangu. Nilishangaa alivyoanza. Nilidhani atauliza nani kamroga au anawaza nini. Akamtoboa kidole, akapima malaria, akapima sukari, akampima joto, akamulika macho, akapapasa kichwa kutafuta uvimbe. Akatuuliza sisi: amewahi kuanguka? Ana kifafa? Anavuta bangi? Anakunywa gongo? Amelala lini mara ya mwisho? Akatueleza sababu. Malaria ikipanda kichwani humfanya mtu aropoke, sukari ikishuka sana humchanganya, na mtu akikimbilia kusema "huyu ni kichaa" anaweza kumwacha mgonjwa afe kwa ugonjwa mwingine kabisa. Kwenye mashine nasi hatuanzi kulaumu injini kabla ya kuangalia kama mafuta yapo. Nilimwelewa.

Kisha akavuta kiti, akakaa karibu na mdogo wangu, akamuuliza kama unavyomuuliza mtu kama amekula: "Unafikiria kujiua?"

Nilishtuka, nikataka kumziba mdomo. Kwetu neno hilo halitamkwi mbele ya mgonjwa, maana tunaamini kulitamka ni kuliita. Mdogo wangu akainua uso. "Ndiyo," alisema. "Tangu wiki iliyopita. Wananiambia niende majini." Halafu akalia, kwa mara ya kwanza tangu yaanze, akalia kama mtoto, na mabega yake yaliyokuwa yamepanda masikioni kwa siku zote zile yakashuka. Siku 19 tulimpa makombe, tulimfukiza, tulimsomea, tulimfungia, na hakuna kati yetu aliyemuuliza. Daktari aliniambia baadaye, pembeni, kwamba kumuuliza mtu moja kwa moja hakumpandikizii wazo ambalo hana. Aliye nalo hupata nafuu kwa kuwa hatimaye yuko mtu wa kulibeba pamoja naye. Mimi mtu wa skimu niliwaza kingo za mfereji. Maji yanayokuja kukubomolea ukingo ni yale uliyoyaziba.

Akapigwa sindano, akalala. Alikoroma. Mama, aliyekuwa amekaa sakafuni tangu tufike, aliposikia mkoromo ule alisema, "Mwanangu analala," akajifunika khanga usoni.

Asubuhi tukapewa barua ya kwenda Mbeya, hospitali ya rufaa. Kwa kuwa Noah ya jirani ilikuwa pale na jirani alikuwa radhi, tukasema tutakwenda nayo. Kabla hatujaondoka nesi alitufundisha namna ya kusafiri naye, na nayaandika hapa kwa sababu yalinisaidia kuliko nilivyotegemea. Azungumze mtu mmoja tu, kwa sauti ya chini. Msibishane naye kuhusu ndege, wala msijifanye mnawaona. Msimshike bila kumwambia. Apewe maji ya kunywa. Asikae karibu na mlango. Asiachwe peke yake hata akienda kujisaidia. Akaikunja ile kamba, akanikabidhi. "Hii ni ya mpunga," alisema.

Tukatokea Igawa kwenye barabara kuu jua linachomoza. Barabara hii naijua upande wa Makambako. Upande wa kushoto na kulia kwangu siku hiyo kila kitu kilikuwa kigeni. Malori ya kwenda Tunduma yalifuatana kama siafu, mengine yana namba za Zambia, mengine za Kongo. Reli ya TAZARA ikawa inatokea na kupotea kando yetu, reli niliyoisoma darasani kwamba Wachina walitujengea miaka ya 1970, kama walivyotujengea na shamba kubwa la mpunga la Mbarali lililoifanya Ubaruku iwe mji. Chimala nikaona ukuta wa milima umesimama kushoto, na barabara inaupanda kwa kona juu ya kona kuelekea Matamba na Kitulo. Nimezaliwa kwenye tambarare. Kwetu kilicho juu kuliko vyote ni kichuguu na mnara wa simu. Niliitazama ile milima nikasahau kwa dakika nzima nilikuwa nakwenda wapi, na nilipokumbuka niliona haya, kana kwamba nimeiba kitu.

Igurusi mdogo wangu akaamka. Mpunga ulikuwa pande zote mbili, na nilikuwa nimedhani mpunga ni wetu peke yetu. Akauangalia. Akauliza, "Dada, wametufuata?"

Moyo ulinidunda. Nikakumbuka nesi. "Mimi siwaoni," nikamwambia, "lakini najua wanakusumbua. Tunakwenda kwa watu wanaojua dawa yake." Akatafakari. Akaomba maji. Nilimpa chupa, akanywa yote, na kwa kuwa alikuwa na wiki nzima hajapokea kitu kinywani kutoka mkononi mwangu, mimi na mama tulitazamana bila kusema neno.

Baada ya hapo barabara ikaanza kupanda. Masikio yakaziba. Malori yalikuwa yanakwea Inyala polepole kama ng'ombe wenye mkokoteni, na sisi nyuma yao. Kwenye vibanda vya barabarani mpunga ulikuwa umekwisha. Kukawa na viazi mviringo vimepangwa kwa ndoo, karoti, kabichi kubwa kama kichwa cha mtoto. Nilifungua kioo nikakifunga hapo hapo. Ilikuwa katikati ya mwezi wa tano, kwetu watu wanalala madirisha wazi, na hapa wanawake walikuwa wamevaa makoti na soksi ndani ya kandambili. Mimi nilikuwa na khanga mbili. Moja nikamfunika mdogo wangu.

Uyole tulikwama kwenye foleni ya malori. Bajaji zilipenya kati yake kama kuku kwenye miguu ya ng'ombe. Mdogo wangu alianza kuhangaika, akaziba masikio, na jirani, mtu ambaye siku zote namjua kwa kelele, alizima redio na kuendesha gari kimya kimya mpaka mjini. Mlima Loleza ulikuwepo kweli, umeinama vile vile walivyosema madalali.

Watu wa Mbeya hawasemi jina refu la Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Husema Rufaa, basi. Inapokea watu wa mikoa saba: Mbeya, Songwe, Njombe, Iringa, Rukwa, Katavi na Ruvuma. Nilipoingia getini nilielewa mara moja, kwa kuwa ni mfereji wetu uliogeuzwa. Kwetu maji yanatoka mfereji mkuu, yanaingia mifereji ya kati, yanaishia jarubani. Wagonjwa wanakwenda kinyume: wanatoka zahanati kama matone, wanakutana kituo cha afya, wanaingia wilayani, wanapanda mkoani, na wale ambao milango yote ya chini imewashinda wanafika hapa. Kwenye benchi moja nilisikia Kinyakyusa, Kihehe na lugha nyingine nilizoambiwa ni Kinyiha na Kifipa.

Nilimuuliza mlinzi, kwa kunong'ona, mlango wa vichaa uko wapi. Aliniangalia. "Mama, mgonjwa wa dharura anaingia hapa," alisema, akanionyesha mlango uleule waliokuwa wanaingizwa majeruhi wa pikipiki. Mdogo wangu akakaa kati ya mzee mwenye bandeji kichwani na mtoto anayebanwa na pumu. Yule mzee akasogea kumpa nafasi. Hakuna aliyehama benchi.

Hapa niseme nilichokuwa nimekibeba kichwani tangu Rujewa. Kwetu mtu akitaka kukutukana anakuambia nenda Mirembe. Tangu utoto neno hilo nimelijua kama tusi, wala sikuwahi kufikiri ni hospitali ya watu, iliyoanza mwaka 1927 pale Dodoma, yenye wauguzi wanaoamka asubuhi kwenda kazini kama mimi ninavyokwenda kwenye mizani. Nilidhani yote yanayohusu ugonjwa huu lazima yaishie huko, kwenye minyororo, na anayeingia hatoki. Mama mmoja wa Sumbawanga niliyekaa naye benchini ndiye aliyenituliza. Alimleta binti yake aliyejifungua wiki tatu zilizopita na sasa hamtambui mtoto. Kaka yake mwenyewe aliwahi kulazwa Mirembe, alisema, akarudi, na sasa ni fundi cherehani. Nikamtazama usoni nione kama ananidanganya kwa huruma. Hakuwa ananidanganya, alianza kunieleza bei za kaka yake za kushona suti.

Waganda, kwa lugha yao, wakisema mirembe wanasema amani. Nilipoambiwa hivyo nililipenda neno hilo kwa mara ya kwanza.

Daktari wa afya ya akili alisoma barua ya Rujewa, akaongea na mdogo wangu peke yake, kisha na sisi peke yetu, kisha sote pamoja. Hakutupa jina la ugonjwa haraka, na mwanzoni hilo liliniudhi. Mganga alitupa jina na aliyeroga siku ya kwanza! Yeye alisema mtu akiugua hivi mara ya kwanza, ni vizuri kumtazama kwa muda kabla ya kumbandika jina atakaloishi nalo. Akasema kukosa usingizi wiki baada ya wiki kunaweza kumsukuma mtu ambaye tayari yuko ukingoni. Mama akauliza kama ni kosa lake. "Hapana, mama," alisema daktari. Akaulizwa kuhusu mganga pia, nikasubiri amkaripie mama. Hakumkaripia. Alimwomba jambo moja tu, kwamba lolote watakalofanya nyumbani lisimwachishe kijana vidonge.

Dawa yenyewe inaitwa haloperidoli. Niliuliza imetoka wapi, kwa kuwa napenda kujua kitu kimetoka wapi. Hata gunia la mchele nauliza. Ilitengenezwa Ubelgiji mwaka 1958. Kabla ya miaka ile ya 1950, daktari alieleza, hata huko Ulaya hospitali kubwa hazikuwa na kitu cha maana cha kuwapa wagonjwa hawa zaidi ya kuwafungia na kusubiri. Nikalikumbuka komeo la mjomba. Tulikuwa tumefanya Ubaruku yale yale yaliyofanyika Ulaya, wote kwa kukosa dawa, tofauti ni kwamba sisi dawa ilikuwa tayari ipo, zaidi ya kilomita 100 kutoka mlangoni kwetu.

Wodini nilitegemea giza. Palikuwa na madirisha makubwa yenye nondo, na mlango mkuu ulikuwa unafungwa kwa ufunguo. Sitaficha hilo, na mara ya kwanza ulipofungwa nyuma yangu tumbo lilinikata. Lakini ndani watu walikuwa wanafua nguo, wanaanika, wanacheza bao. Mtu mmoja alikuwa anahutubia ukuta, na mwingine karibu yake anakunywa chai bila kujali, kama tunavyokunywa chai mashine inaunguruma.

Siku ya tatu niliingia nikamkuta mdogo wangu shingo imepinda upande, macho yanatazama dari, mdomo umekaza. Nikajua amekufa kwa namna fulani. Nikapiga kelele. Nesi alikuja kwa haraka lakini bila hofu, akasema hii ni dawa imembana misuli, inatokea hasa kwa vijana wa kiume siku za mwanzo, akampiga sindano nyingine. Nikakaa nimemshika kiganja. Kabla ya nusu saa kwisha shingo ililegea, akageuka akaniona. Wakampunguzia kipimo na kumwongezea kidonge cha kuzuia ile hali isirudi. Ningekuwa nimeliona lile nyumbani, bila wa kunieleza, ningetupa vidonge vyote chooni na kurudi kwa mganga usiku uleule. Natamani kila anayeandikiwa dawa hii aambiwe mapema, na aliyemleta aambiwe pia.

Siku ya tano ndege walikuwa bado wapo, alisema, lakini wamekwenda mbali, shamba la tatu. Siku ya sita alikula wali wa hospitali, akatafuna taratibu, akaniambia, "Dada, huu mchele si wa kwetu. Una chenga nyingi." Nilitoka nje ya wodi nikalia kwa furaha nikiegemea ukuta wa Rufaa, katika baridi ile, na yule mama wa Sumbawanga akanifunika shuka lake.

Kabla ya ruhusa, siku ya kumi, tuliitwa na dada wa ustawi wa jamii. Alikuwa na daftari kama langu la mizani. Aliuliza nani atakayempa dawa asubuhi na jioni, nani atakayelala karibu naye, shambani atarudi lini na nani atashika zamu yake ya maji usiku, maana usingizi ni sehemu ya dawa. Aliandika kila jibu. Akauliza nyumbani kuna dawa za shamba, za magugu na wadudu? Zipo, nikasema, chini ya kitanda cha mama, ndivyo wengi tunavyoziweka. Akasema zihamie nyumba nyingine, kwenye sanduku linalofungwa, na ufunguo akae nao mtu mzima asiyekaa na mgonjwa. Dhiki kubwa ya namna ile, alieleza, mara nyingi huja kwa wimbi na kupita, na mtu akikosa kitu cha kujidhuru karibu yake wakati wimbi limepanda, wengi hufika upande wa pili wakiwa hai.

Kisha, kama mtu anayeuliza jambo dogo: "Na chumba chake kinafungwaje?"

"Kwa komeo," nikasema.

"Upande gani?"

Sikujibu, na mama naye hakujibu. Mdogo wangu ndiye aliyesema, bila hasira, "Nje."

Tulirudi kwa kosta. Masikio yaliziba tena kwenye mteremko, viazi vikaisha, mpunga ukaanza, joto likaingia dirishani na harufu ya pumba zinazoungua, nikajua tumefika kwetu kabla hatujafika. Barua ya kurudi ilisema kliniki yake itakuwa Rujewa kila mwezi, hakuna haja ya kupanda Mbeya mpaka kuwe na shida. Tulipita Rujewa siku ileile kuandikisha kadi. Yule nesi hakuwa zamu. Nilimwachia salamu na kilo tano za mchele kwa mwenzake, nilizoagiza kutoka mashineni kwetu, wa daraja la kwanza, hauna chenga.

Jioni mjomba alikuja na bisibisi. Sikumwambia kitu, nadhani mama alikuwa amempigia simu tukiwa njiani. Akatoa skrubu moja moja, mdogo wangu akimshikia tochi. Ya nne ilikuwa imeota kutu, ikawachukua muda, wakapokezana bisibisi. Komeo lilipotoka mjomba alilifunga kwenye kipande cha gazeti akaenda nalo kwake, akalipiga kwenye sanduku la mbao alikohamishia dawa za shamba, akaongeza kufuli. Mlangoni yamebaki matundu manne. Mama ameyaziba kwa sabuni ya mche, lakini kila akifagia huyatazama, na juzi nimemsikia anamuuliza mdogo wangu kama angependa mlango upakwe rangi.

"Ya bluu," alimjibu.